Pembe Ukutani kwa Kassimu

Kiganja chake kilikuwa na sabuni. Hilo watu hawalijui, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilikuwa nimemshika Nyangeta mkono wa kulia, mkono wangu mwingine umekumbatia mzizi wa mkuyu, na maji ya mto Nyamwiga yalishatufika kifuani, mekundu, mazito, yamebeba magogo na matope ya milimani. Yeye alikuwa anaosha sahani za wageni yalipomkuta, sabuni ya mche imemjaa mpaka kwenye kiwiko. Hakupiga kelele. Aliniangalia akasema, "Zai, usiniachie," nikamwambia sikuachii, na wallahi sikumwachia. Yeye ndiye alitoka kwenye mkono wangu, taratibu, kidole baada ya kidole, kama kambare anavyokutoka unapomkamata mkono mtupu. Kisha mpira mmoja wa tairi ukampiga begani, nikaona kitambaa chake cha kichwa, kile cha kijani, kikizunguka mara moja juu ya maji. Basi. Mpaka leo mimi sioshi vyombo kwa sabuni ya mche. Wanangu wanacheka, wanasema mama ana aleji. Sina aleji. Nina Kassimu Rajabu.

Nimemtaja na nitamtaja tena. Nilinyamaza miaka mingi, nikiuza chapati na sato wa kukaanga pale Mukendo, Musoma mjini, nikiliona gari lake likipita, nikisema Mungu yupo. Mungu yupo, ni kweli, lakini juzi tulipomzika Wambura kule Butiama, Kassimu alikuja, ndevu nyeupe, kanzu imepigwa pasi, wakamwekea kiti cha mbele. Akapewa nafasi ya kusema. Akasimama mbele ya jeneza la mtu ambaye yeye ndiye alimharibia maisha, akasema kwa sauti ya upole, "Ndugu zangu, marehemu alikuwa binadamu. Siku ile ya mto alipitiwa na usingizi. Sisi tulishamsamehe, na nyinyi msameheni." Watu wakaitikia. Nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye mkeka, sahani ya ugali wa mtama mkononi, nikaiweka chini. Kumsamehe Wambura! Mwizi amekuja msibani kumsamehe aliyeibiwa.

Ndiyo maana naandika. Shule yangu iliishia darasa la nne, mwandiko wangu ni wa kuku, atakayechapa atanyoosha herufi. Maneno asinyooshe.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa Iringo, huko huko Musoma, ninayejua kupika na kujibu watu. Kassimu alikuwa mfanyabiashara wa Bunda, anauza bati na saruji, na alikuwa amefungua sehemu ya mapumziko kwenye mto, chini ya milima ya upande wa Butiama, akaiita Bustani ya Maji Baridi. Aliniona nakaanga samaki kwenye harusi, akasema, "Binti, wewe una mkono. Njoo mtoni." Nikaenda. Nikapewa chumba nyuma ya jiko, mimi na Nyangeta, msichana wa huko huko, Mkatoliki, mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha ng'ombe. Kilikuwa chumba cha bati juu na bati ubavuni, mchana kama tanuri, alfajiri kama ndani ya mtungi. Kitanda kimoja, mkeka mmoja, tulikuwa tunabadilishana. Ukutani yeye alitundika rozari yake, mimi nikatundika kanga yangu ya Idi, na katikati tukapigilia msumari wa sufuria. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama wenye ukwaju, mchana tulikula kichwa cha samaki alichoacha mgeni, na Nyangeta alisemaga kichwa ndicho chenye akili, mgeni amelipia mkia.

Sasa nieleze huo mto, maana bila mto hamtaelewa dhambi. Nyamwiga ni mto wa mlimani. Ziwa letu la Musoma ukiliangalia asubuhi unajua jioni litakuwaje, mto wa mlimani haukupi nafasi hiyo. Hapa chini jua linawaka, watoto wanacheza, kumbe kule juu mvua imeshapiga, na maji yanakuja kimya mpaka yanapotokea kwenye kona. Wenyeji walikuwa na njia mbili za kuujua. Ya kwanza ni jiwe. Kwenye kivuko palikuwa na jiwe kubwa lenye umbo la ndama aliyelala, wanaliita Jiwe la Ndama. Maji yakiwa kwenye kwato, vusha ng'ombe. Yakifika tumboni, vusha wewe mwenyewe, ng'ombe wabaki. Yakifika puani, kaa nyumbani ukaange mahindi. Hata mtoto asiyejua kuhesabu aliujua mto kwa jiwe hilo. Njia ya pili ni pembe. Kule juu, mahali mto unapobanwa na miamba miwili, ulikaa ukoo mmoja tangu zamani, na kazi yao ilikuwa kupuliza pembe wakiona maji yamebadilika rangi. Pembe moja inalia, waliomo mtoni wote wanatoka, hata aliyeshika samaki anamwachia. Hakuna aliyeuliza kwanza. Mwaka ule mwenye pembe alikuwa Wambura, baba mdogo wake Nyangeta.

Msidhani huyo Wambura alikuwa mzee mwenye busara. Alikuwa kijana wa makamo, mgomvi, anatafuna tumbaku, anachechemea kwa sababu fahali alimvunja nyonga, na hakuna siku alipita jikoni kwetu asinichokoze. "We Mswahili wa Iringo, leo umepika nini, mafuta?" Namjibu, "Nimepika, lakini ya wanaume wanaooga." Anacheka mpaka anashika ukuta. "Nyangeta, huyu mtani wako atakufa bila mume!" Nyangeta naye: "Baba mdogo, wewe umeoa na bado unanuka, ndoa imekusaidia nini?" Tunampa chai, anakunywa amesimama, anarudi mlimani kwake. Lakini akiwa na ile pembe alikuwaga mtu mwingine. Ilikuwa ya tandala, ndefu, imejipinda, nyeusi kwa mikono ya babu zake. Hakuiweka chini kamwe. Alisema pembe haikai chini, haikai juu ya msumari, inakaa na mtu.

Kassimu alikuwa na shida na mto. Wageni wake, watu wa Bunda na Musoma wenye magari, walitaka kuogelea na kuteleza juu ya mipira ya ndani ya matairi ya lori, lakini kiangazi maji yalikuwa ya kulowesha vifundo tu. Akamwita fundi mbao wake, Faustini Magesa, ambaye leo ana duka lake la mbao Bunda na tumbo la kutosha watu wawili. Faustini akajenga tuta juu ya bustani, mifuko ya mchanga na magogo, katikati akaweka mbao za kuchomoa. Wiki nzima mbao zimefungwa, maji yanajikusanya nyuma. Jumapili baada ya chakula, wageni wanakaa kwenye mipira yao, Faustini anachomoa mbao, mto unajaa ghafla, watu wanashuka nao wakipiga vifijo mpaka kivukoni. Niseme kweli, ilikuwa raha. Hata mimi niliteremka siku moja na kanga yangu, nikalia kwa kicheko. Wenyeji walikunja uso. Wambura alimwambia Faustini jikoni kwangu, nikisikia, mimi nakatakata vitunguu: "Umeliziba jiwe mdomo. Sasa Jiwe la Ndama halisemi tena mlima unaleta nini, linasema wewe umechomoa nini." Faustini akamjibu, "Basi ndama wako ajifunze Kiswahili, aniulize mimi." Wakacheka wote. Na Wambura alicheka. Hilo nalikumbuka, alicheka, kwa sababu alikuwa bado ana pembe.

Pembe nayo ikawa shida. Mara mbili mwanzo wa vuli Wambura aliipuliza, wageni wakatoka majini mbio, wengine na chupi tu, wakapanda magari wakaondoka, wakaacha sahani zangu zimejaa. Maji yalikuja kweli, lakini Kassimu hakuona maji, aliona meza tupu. Jumatatu yake akapanda mlimani mwenyewe na zawadi. Mke wa Wambura, mama mdogo Wegesa, alinisimulia baadaye. Kassimu alikaa kwenye kigoda, akasifu pembe, akasema ni hazina, wazungu wangeiweka kwenye nyumba ya vioo, na yeye angependa kuitunza bustanini kwa heshima ili wageni wajue mila. Akikihitaji chombo chake, Wambura aje tu, ni chake. Na ili asikae bure, akamwachia redio mpya yenye mkanda wa ngozi. Wambura alikataa. Kassimu akarudi mara ya pili na mwenyekiti wa kitongoji. Ukiletewa kiongozi nyumbani, kule kwao, kukataa ni kumtukana. Akatoa.

Niliiona ikitundikwa. Kaunta ya vinywaji ilikuwa imetazamana na dirisha la jiko langu. Faustini alipima ukutani, akaona pembe inateleza kwenye msumari kwa sababu ya ule mpindo, akachukua keekee akaitoboa ubavuni, karibu na pale mdomo unapogusa, akapitisha waya. Unga mweupe wa pembe ukaanguka kwenye glasi. Akaupuliza, akafuta glasi kwa kidole. Kassimu akarudi nyuma hatua kidogo, akafunga jicho moja, akasema, "Imependeza. Inua upande wa kushoto." Kuanzia siku hiyo walevi walikuwa wanaishusha, wanaweka mdomoni, inatoa "fyuuu" kama mtoto mwenye pengo, wanacheka, wanapiga picha. Nyangeta alipoona lile tundu aliligusa kwa kidole. Alirudi chumbani, akakaa kwenye mkeka, akaniambia, "Zai, wametoboa koo la babu yangu." Nikamwambia tumwambie baba mdogo. Akasema, "Nitamwambia Krismasi, akiwa amekula." Haikufika Krismasi.

Jumapili ile Kassimu alikuwa na wageni wakubwa, wa kutoka Musoma, akataka maji mengi kuliko siku zote. Faustini alifunga mbao wiki nzima kama kawaida na kuongeza mifuko ya mchanga juu. Wageni wakachelewa. Nikawa nakaanga sato na kuwatoa mafuta, nakaanga tena. Jua lilikuwa kali bustanini, lakini kule mlimani kulikuwa na weusi kama masizi ya chungu. Wakafika, wakala polepole, muziki juu. Chini kivukoni mto ulikuwa mkavu karibu wote, Jiwe la Ndama limetoka mpaka kwato, nyeupe. Nyangeta alibeba beseni la sahani kichwani akateremka kuoshea pale, kwenye kidimbwi chini ya jiwe. Kabla hajateremka alisimama mlangoni akatazama chini akasema, "Mto umelala. Nawahi kabla hawajafungulia." Alisoma jiwe kama alivyosomeshwa na mama yake. Angejuaje kwamba jiwe limefundishwa kusema uongo?

Hazikupita dakika nyingi Wambura akatokea. Alikuwa anakimbia na ile nyonga yake, shati limeng'ang'ania mgongo kwa mvua ya mlimani, na sisi huku chini tuna vumbi. Hakusalimia. Alienda moja kwa moja kaunta, akanyoosha mkono juu ukutani. Kassimu akamdaka kiwiko, bado anatabasamu, wageni wakiangalia. Nilikuwa dirishani na mwiko mkononi. Nilisikia kila neno, na haya ndiyo maneno yenyewe:

"Wambura, si sasa. Watu wanakula."

"Maji yamepita kwetu mekundu. Tuta lako halitakaa. Nipe."

"Faustini atachomoa mbao moja moja. Kaa, upewe soda."

"Nipe pembe yangu, Kassimu!"

"Pembe ipi? Hii ni pambo. Wewe una redio."

Mgeni mmoja akacheka. Wambura akamsukuma Kassimu, akairarua pembe na waya wake, akaweka mdomoni. Fyuuu. Akaibana, akavimba mashavu, akapuliza tena. Fyuuu. Akaigeuza, akaona tundu, akaiachia sakafuni. Sijawahi kuona uso wa mtu namna ile, na nimeshawaosha maiti. Wageni walidhani ni mchezo, wengine wakapiga makofi. Mimi nilitupa mwiko nikaruka dirishani, nikateremka nikiita, "Nyangeta! Toka! Nyangeta!" Nyuma yangu nilisikia tuta likipasuka, sauti kama lori limemwaga mawe. Nilimfikia. Nimeshasema jinsi nilivyomfikia na alivyonitoka.

Mimi mto ulinitupa kwenye miiba chini ya kivuko, mguu umevunjika mahali pawili. Vijana wawili wa Bunda waliokuwa wameshakaa kwenye mipira yao kumsubiri Faustini hawakupatikana hai. Nyangeta walimpata kesho yake karibu na mashamba ya muhogo, kitambaa hakipo. Mimi nilikuwa wodini, nikielea kwenye homa, na kwenye homa hiyo mkutano wa kijiji ukafanyika bila mimi. Kassimu alisema pale kwamba bustani ilikuwa na makubaliano na Wambura: akae juu, apulize pembe. Hakupuliza. Alilala, kwa sababu alikesha akisikiliza redio. Watu wakaenda nyumbani kwa Wambura kuangalia, na pembe wakaikuta, iko juu ya kitanda chake, imefunikwa na shuka. Wambura alikuwa amezimia kwa kilio siku mbili, hajui hata nani ameingia na kutoka. Faustini ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kutoa pole, mama mdogo Wegesa alimwona akiingia na kiroba kimejaa, akatoka nacho kitupu. Wambura aliposimama akaonyesha tundu, Faustini akasema mbele ya watu, "Hilo panya wamekula. Mtu anayelala hivyo, panya wana sababu gani ya kuogopa?" Watu walicheka. Kwenye msiba. Wageni wa kaunta, wale waliopiga makofi, hata mmoja hakurudi kusema alichoona.

Nilipotoka na magongo nilienda kwa mwenyekiti yule yule aliyekwenda kuomba pembe. Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akijichokoa meno, akasema, "Mwanangu, wewe ni mpishi. Ulikuwa na moto, moshi, mafuta. Uliona nini?" Nikamwambia niliona keekee. Akasema, "Rudi mjini upone." Nikaenda Bunda dukani kwa Kassimu. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza mguu unaendeleaje, akasema sisi ni Waislamu, tunaelekea kibla kimoja, yaliyopita ni kudura. Nikamwambia kudura haina waya. Akafungua mlango, akamwita mlinzi.

Wambura aliishi miaka yote hiyo na jina la Mlalaji. Watoto walimwita hivyo njiani, anapita na ng'ombe wake, wanalaza kichwa kwenye viganja na kukoroma. Kaka yake, baba wa Nyangeta, hakumsemesha mpaka anakufa. Kule kwao, mlinzi wa maji akikosea, ukoo wote unanyang'anywa kazi, na hakuna mwingine aliyekubali kuichukua. Kwa hiyo mto ule hauna pembe tena, na vijana wanaendaga kuogelea mpaka leo, wanaweka picha kwenye simu. Wambura nilimtembelea kila mwaka, nampelekea sangara mkavu na tumbaku. Utani uliisha. Siku moja tu, baada ya kula, alinitazama akasema, "Mswahili, bado hujaolewa?" Nikamwambia nimeolewa na nimeachika, baba mdogo. Akasema, "Mimi sikulala." Nikamwambia najua. Akasema, "Nilikimbia." Nikamwambia nilikuona. Akaendelea na samaki wake.

Sasa turudi msibani. Kassimu alipomaliza kumsamehe marehemu, nilisimama na mguu wangu mbovu, nikasema, "Mzee Kassimu, mimi ni Zaituni, mpishi wako wa mtoni. Nina swali." Akasema, "Dada yangu, hapa si mahali pake." Wanawake wakanivuta kanga, kaa, kaa. Akaingia kwenye gari. Lakini jioni, watu wakigawana sufuria, mama mdogo Wegesa aliniita chumbani, akafungua sanduku, akaniwekea mapajani kitu kimefungwa kwenye shuka ya kitoto. "Chukua," akasema. "Mimi sina meno ya kuwauma. Wewe unayo."

Ninayo hapa Mukendo, kitandani kwangu, haijagusa msumari. Tundu lipo. Ni duara kamili kama lililochorwa kwa shilingi, na ndani yake imebaki kutu ya waya. Mnionyeshe panya wa Butiama anayekula duara na kuacha kutu.

Kwa hiyo, Kassimu Rajabu, mwana wa Bunda, na wewe Faustini Magesa, huwezi kujificha nyuma ya mbao zako. Sitaki soda yenu, sitaki pole. Nitakuwa kivukoni, kwenye Jiwe la Ndama, Jumapili baada ya chakula, saa ile ile mliyokuwa mnafungulia maji. Kila Jumapili, mpaka mje. Pembe nitakuja nayo. Njoo, Kassimu, mbele ya watoto wanaokoroma na mbele ya watu waliokuitikia msibani. Mlisema Wambura alikuwa nayo, kilichokosekana ni kupuliza tu. Haya. Wewe hujalala. Ipulize.